Ila za Chuma

Katika viungo vyote vya injini ya dizeli hapana kinachodharauliwa na wenye magari na kuhofiwa na mafundi kama silinda hedi. Kwani mwenye gari huiona kuwa ni kifuniko tu, pande la chuma lililolala juu ya silinda na kukazwa kwa nati, ambalo likivuja hubadilishiwa gasketi na safari ikaendelea, ilhali fundi aliyekomaa katika kazi yake anajua ya kuwa ndani ya pande hilo yamekusanywa mambo yasiyopatana kwa tabia, yaani moto, maji, oili, hewa na mafuta, kila moja likishika njia yake, na kati ya njia na njia hapana mpaka ila unene mdogo wa chuma cha kumimina. Maadamu mpaka huo ni mzima, hasimu hao hupitana kwa salama. Ukipasuka, hata kwa ufa usioonekana kwa macho matupu, moto huingia kwenye maji na maji huingia kwenye oili, na mashine iliyokuwa ikivuta tani kadhaa kupanda mlima hushindwa kujivuta yenyewe kutoka karakana.

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alishika fikira moja na kuing'ang'ania kwa miaka: kwamba hewa ikibanwa barabara hupata joto la kutosha kuwasha mafuta pasipo cheche wala utambi. Alipoijaribu katika kiwanda cha Augsburg mwezi wa Agosti, 1893, mripuko wa kwanza ulikivunjavunja kipimo cha mgandamizo kilichofungwa kwenye mashine, na watu waliosimama karibu walinusurika kwa bahati. Ilimchukua mpaka Februari, 1897 kupata injini ya kuonyeshwa kwa wataalamu bila haya, nayo iligeuza robo na ushei ya joto la mafuta yake kuwa kazi, jambo lililowastaajabisha watu waliozoea mashine za mvuke. Lakini fikira hiyo ina gharama, na sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa na hedi. Chukua mfano wa Perkins yenye silinda nne, ile ya aina ya 4.236, ambayo imelima mashamba na kusukuma vyombo baharini katika nchi nyingi. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 98.4, na hewa ndani yake hubanwa kwa kadiri ya 16 kwa 1. Mwako ukifikisha mgandamizo wa baa 80, uso wa hedi juu ya silinda moja husukumwa kwa nguvu ya takriban tani 6. Na injini ikienda mizunguko 2000 kwa dakika, silinda hiyo hupokea pigo la namna hiyo mara 1000 katika dakika hiyo hiyo. Hewa inayowaka hukaribia nyuzi 2000 kwa nukta ya wakati, na chuma cha kumimina huyeyuka kwa kiasi cha nyuzi 1200. Kinachokiokoa chuma ni ufupi wa muda, pamoja na maji yanayopita nyuma yake. Ya kustaajabisha si kwamba hedi hupasuka, bali ni kwamba nyingi hazipasuki.

Dalili za maradhi hutangulia, na mwenye kuangalia huziona kabla spana haijaguswa. Maji ya rejeta hupungua wala hapana tone chini ya gari. Moshi mweupe hutoka asubuhi na kukataa kwisha hata injini ikipata moto. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ingali baridi, kisha ikawashwa, mapovu hupanda yakifuatana. Oili kwenye kijiti cha kupimia hugeuka rangi ikawa nzito na nyeupe kama iliyotiwa maziwa. Walakini hapana hata moja katika dalili hizi inayotosha peke yake kutoa hukumu. Moshi mweupe huweza kutoka kwa nozeli mbovu ya kunyunyizia mafuta au kwa mgandamizo hafifu. Oili huweza kuchanganyika na maji kwa kuoza kwa kipoza oili, hali hedi haina kosa lolote. Kazi ya fundi hapa ni kama kazi ya kadhi mwenye insafu, asiyemkata mtu mkono kwa neno la shahidi mmoja, bali huwaita mashahidi wote, akawasikiliza kila mmoja peke yake, akatafuta wanapokubaliana.

Wenye magari, kwa sababu wanakusudia kuondoka kabla ya jua kuchwa, humsihi fundi abadilishe gasketi basi, nao hutaja bei yake na kuilinganisha na bei ya kuifungua hedi yote. Nami nasema ya kwamba gasketi aghalabu haifi, huuawa. Rejeta imeziba, mkanda wa feni umelegea, pampu ya maji imechoka, au dereva aliona mshale wa joto ukipanda akasema moyoni kwamba atasimama akifika mjini. Injini ikachemsha, hedi ikapinda, na gasketi iliyokuwa imebanwa sawasawa ikabaki imebanwa huku na kuachwa wazi kule. Kuweka mpya juu ya uso uliopinda ni kumpeleka marehemu wa pili palepale alipozikwa wa kwanza.

Basi hedi hufunguliwa, lakini hufunguliwa ikiwa baridi. Injini iliyotoka kuchemsha huachwa ipoe hata mkono uweze kukaa juu yake bila shida, na haraka ya mwenyewe isisikilizwe, kwa maana chuma chenye moto kikiachiwa nati zake kwa ghafula hujinyoosha kinavyotaka, na umbo kitakalolipata hapo ndilo kitakalobaki nalo. Nati hulegezwa kidogo kidogo, kwanza za pembeni kisha za kati, kinyume cha utaratibu wa kukaza. Vijiti vya kusukuma valvu, na valvu zenyewe, huwekwa kwa mpango katika kadibodi iliyotobolewa na kuandikwa namba, kwani valvu iliyozoeana na kiti chake kwa miaka haifai kuhamishiwa kiti cha jirani.

Na hapo, hedi ikiwa imelazwa mezani uso juu, kabla ya brashi wala petroli, kuna saa ya kuitazama tu ambayo mafundi vijana huipoteza. Masizi ni maandishi. Silinda tatu zikiwa nyeusi sawasawa na ya nne ikawa safi, chuma chake kikionekana kana kwamba kimeoshwa, hiyo safi ndiyo yenye hatia, kwa sababu maji yaliyoingia humo yaligeuka mvuke na kuusugua uso wa pistoni na wa hedi kila mwako. Usafi katika mahali pa moshi ni shubuha. Penye masizi ya majimaji yenye oili, gaidi za valvu, yaani mirija ya kuziongozea, zimelika au ringi za pistoni zimechoka. Penye mstari mweusi uliovuka ukingo wa gasketi kutoka silinda hadi tundu la maji, moto umekwisha kujichongea njia, na rula ikilazwa hapo itasema neno lilelile. Nimewaona mafundi wakiwakataza wanafunzi wao kugusa kitu mpaka wamekwisha kueleza walichokiona, nikaona kuwa hiyo ndiyo elimu yote ya kazi hii. Ushahidi ukishaoshwa haurudi.

Kuosha nako kuna mambo yake, hasa kwetu. Maji ya visima vya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hukaa katika mawe ya matumbawe kabla hayajafika ndooni, na kwa hiyo hubeba chokaa iliyoyeyuka, ambayo kila mama wa nyumba anaijua kwa gamba jeupe linaloganda ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Chokaa ileile humiminwa katika rejeta na madereva wanaoona kuwa maji ni maji, nayo huganda katika njia za ndani za hedi, tena huganda zaidi pale penye moto zaidi, yaani kuzunguka viti vya valvu za kutolea moshi, mahali ambapo chuma kinahitaji maji kuliko pengine popote. Gamba hilo halipitishi joto vizuri. Rejeta huweza kuwa nzima, pampu nzima, feni nzima, mshale wa joto usiseme neno, na bado kipande cha chuma kati ya valvu mbili kikawa kinaungua kwa siri, kwa sababu maji hayakifikii. Wazee wetu waliokinga maji ya mvua katika mabirika ya mawe hawakuwa na dizeli, lakini maji yao yangeifaa dizeli kuliko ya bomba nyingi za leo. Gamba hilo huondolewa kwa dawa ya asidi iliyozimuliwa na kusuuzwa vema. Wala halitoki kwa kuchokoa na waya kwenye mdomo wa tundu, kazi ambayo humridhisha mtazamaji na kuacha maradhi ndani.

Baada ya hayo hupimwa unyofu. Rula ya chuma iliyo nyofu kweli huwekwa ukingo chini juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe mbili za mshazari, na katika kila mahali fundi hujaribu kupenyeza fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Watengenezaji wengi huruhusu kiasi cha sehemu moja katika kumi ya milimita kwa hedi ya silinda nne, wengine pungufu, na unywele wa mtu una unene wa kama milimita 0.07, basi hapa panapimwa mambo ya unywele mmoja na nusu. Sioni kama watu hutambua ajabu ya jambo hili. Hapana uso ulio sawa duniani. Kila uso una mabonde na vilima, na kitabu cha mtengenezaji hakimtaki fundi alete usawa, bali humtajia kipimo cha kombo linalovumilika, kisha humwachia mambo yaliyobaki. Mwenye kudai usawa kamili atachonga hedi mpaka iishe.

Na wengi huchonga hivyo. Mashine ya kuchongea ikiwa jirani, hedi hupelekwa bila kupimwa, ikakwanguliwa nusu milimita kwa kuwa ndiyo desturi ya pale, ikarudi inang'aa. Mng'ao huo hulipwa baadaye: chumba cha mwako kimepungua, ncha ya nozeli imetokeza zaidi, valvu zimesogea karibu na pistoni, na katika dizeli nafasi baina ya valvu na pistoni ilikuwa finyu tangu mwanzo. Tena, katika injini zenye kamshafti juu ya hedi, kuchonga uso wa chini hakuunyooshi mgongo. Matundu yanayobeba kamshafti hubaki kombo vilevile, na kamshafti iliyokuwa ikizunguka kwa wepesi huanza kukaba. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa hedi za alumini, kwa sababu alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kumimina, na ikiwa imefungwa juu ya bloku la chuma, kila kuchemsha ni mvutano kati ya wawili wasiolingana.

Sasa nafika kwenye nyufa, ambazo ndizo kiini cha maneno yangu.

Njia ya kale ya kuutafuta ufa haihitaji duka. Uso uliooshwa na kukaushwa hupakwa mafuta ya taa, ukaachwa yapenye, kisha hufutwa hata uwe mkavu kwa kitambaa na kwa mkono. Halafu hunyunyiziwa chaki ya unga. Fundi hungoja. Mahali penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hunyonywa na chaki, ukatokea mstari mwembamba uliolowa, ukikata weupe kutoka kiti cha valvu hadi tundu la nozeli. Rangi nyekundu ya makopo inayouzwa siku hizi pamoja na dawa yake nyeupe hufanya kazi hiyohiyo kwa uwazi zaidi. Walakini njia zote mbili huona ufa unaofika usoni tu. Ulio ndani, kati ya njia ya maji na njia ya moshi, hukamatwa kwa mgandamizo: matundu yote ya maji huzibwa kwa mabamba na mipira, hewa ikasukumwa ndani, hedi ikazamishwa katika maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, na watu wakainama kutafuta mapovu. Kule kusema maji ya moto si mapambo. Zipo nyufa zinazofunga midomo chuma kikiwa baridi, zikafunguka kikitanuka, na hedi iliyopimwa katika maji ya kisimani ikapita kwa heshima zote huweza kurudi baada ya wiki moja na moshi uleule mweupe.

Methali yetu ya ufa na ukuta, ambayo kila mtu huitaja karibu na jambo hili, nadhani ilitungwa karibu na waashi, nayo ina haki yake huko. Katika chuma cha kumimina kuziba ufa huweza kuwa dhara kuliko ufa. Welidi ikipigwa juu ya chuma baridi, pale paliposhikwa na moto hutanuka na kusinyaa ilhali jirani zake wametulia, na siku chache baadaye ufa mpya huonekana sambamba na ule ulioponywa. Atakaye kuuponya kwa moto sharti aipashe hedi nzima katika tanuri mpaka iwake wekundu hafifu, aiunge ingali katika hali hiyo, kisha aiache ipoe kwa muda mrefu chini ya majivu au mchanga mkavu. Kuna na njia nyingine, ya kukishona chuma bila moto, kwa kutoboa mstari wa matundu juu ya ufa na kuyajaza kwa pini zenye hesi zinazoshikana ubavu kwa ubavu. Kazi ya saburi kubwa, na ikifanywa na mwenye mkono hudumu. Lakini kabla ya yote hayo yako maswali ambayo moto na pini haviwezi kuyajibu: ufa huu unakwenda wapi, na je, unastahili kuguswa?

Kwa maana si kila ufa ni kifo. Katika kile kipande chembamba kati ya kiti cha valvu ya hewa na kiti cha valvu ya moshi, nyufa fupi za juu juu huzaliwa kwa kupashwa na kupozwa, na katika injini nyingine watengenezaji wenyewe wameandika kuwa zikiwa hazijaingia katika kiti, wala hazijafika kwenye maji, hedi irudishwe kazini. Hali ni hiyo kwa injini zenye chumba kidogo cha mwako cha pembeni, ambazo kifuniko cha chumba hicho huruhusiwa mipasuko ya kiasi fulani. Hedi kama hizo hutembea miaka. Ufa uleule ukivuka kidogo tu, ukauma ukingo wa kiti, valvu haifungi tena sawasawa, moto huanza kupenya hapo na kukila chuma; ukizama mpaka kwenye maji, hapana la kujadili. Baina ya hali hizi mbili pana eneo la kivuli, na humo ndimo fundi hujulikana. Mwoga huihukumu kila hedi yenye alama, akamtia mwenye gari katika gharama asizoziweza, akalala usingizi. Mzembe huziachilia zote. Nimependa zaidi yule ambaye hutazama ufa kwa kioo cha kukuzia, akaupima urefu, akauliza gari linabeba nini na linakwenda njia gani, kisha husema, na kuandika katika daftari lake, kwamba hii itatembea lakini irudi kuonekana. Kuandika ndiko kunakomtofautisha na mzembe, kwa kuwa vitendo vyao kwa siku hiyo vinafanana.

Valvu zina habari ndefu, nami nitazikata. Husagwa kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia, kwanza ya chenga kubwa kisha laini, kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya kinachopekechwa kati ya viganja, mpaka uonekane mzunguko wa kijivu usiokatika mahali. Kisha humiminwa mafuta ya taa katika njia ya moshi na ya hewa, na kama hayatokezi upande wa pili, kazi imekubaliwa. Katika dizeli huongezwa kipimo kimoja ambacho mafundi wa petroli husahau: kina cha kichwa cha valvu chini ya uso wa hedi. Ikizama mno kwa kusagwa mara nyingi, chumba cha mwako huongezeka, hewa haibanwi inavyopasa, na injini huwa ngumu kuwaka asubuhi za baridi za Njombe au Limuru. Ikitokeza, hugonga pistoni. Na kuhusu nozeli neno moja: washa ya shaba ya zamani itolewe kabla ya mpya kuwekwa, maana mbili zikikaa pamoja nozeli huinuka na mnyunyizo wa mafuta hulenga pasipo pake, wala kiganja kisikingwe mbele ya nozeli inayojaribiwa, kwani mgandamizo wake hupenyeza mafuta chini ya ngozi, na jeraha dogo kama nukta huweza kumkosesha mtu kidole.

Kurudisha ni kufunga kwa spana ya kipimo, kuanzia kati kwenda nje, kwa duru mbili au tatu, kila duru ikiongeza nguvu kama kitabu kinavyosema, na kwa gasketi zilizoagizwa hivyo, kurudia kukaza baada ya injini kupata moto.

Limebaki jambo la hedi iliyohukumiwa. Mwenye gari huambiwa haifai, huinamisha kichwa, hununua nyingine, kisha huulizia ile ya kwanza. Fundi mwaminifu, ambaye anajua soko la vipuri vilivyotumika linavyokwenda, hupenda kuipiga nyundo mahali penye ufa mpaka ifunguke waziwazi, kwani ikitoka nzima karakana itasuguliwa, itapakwa rangi ya fedha, itauzwa kwa mtu wa Tunduru au Garissa ambaye hatakuwa na maji ya moto ya kuizamisha. Mwenyewe husema, "Hicho ni chuma changu, fundi, na nimekilipia." Fundi humjibu, "Ni chako, mzee, nami sikukatazi kuuza chuma. Uza kwa kilo." Mabishano haya nimeyasikia zaidi ya mahali pamoja, na aghalabu mwenye gari hushinda, kwa sababu sheria ya mali iko upande wake, isipokuwa pale ambapo fundi, kabla ya kwenda kumwita mwenyewe aje kusikiliza hukumu, alikuwa amekwisha kuishika nyundo.